Mundu

Saa nne asubuhi, Al-Khoudh, kiyoyozi kinanguruma
kama mtu anayesafisha koo kisha asiseme.
Nimelinyima hewa tone la damu nusu saa nzima,
ndipo likakiri.
Duara, duara, duara,
na hapa moja iliyojipinda
kama mundu wa kukatia majani ya mbuzi
uliotundikwa ukutani kwa babu, Samaili, kutu ubavuni.

Chupa ina jina langu.
Ya pili yake ina jina la Harib, mtoto wa ami,
aliyenichumbia Shaabani.
Nayo ina mundu.

Herufi moja tu.
Kitabu cha herufi bilioni tatu,
mnakili kasinzia, kaandika hii penye ile,
na mikono iliyofuata ikanakili kosa kwa adabu,
kizazi baada ya kizazi, bila kuuliza.

Kosa linaloua watoto lingefutika zamani,
lakini palikuwa na mbu.
Mwenye mundu mmoja, homa ilimkamata ikamwachia.
Mwenye miwili alivunjika kwa maumivu.
Asiye nao hata mmoja, mara nyingi,
alizikwa kabla ya kuota meno.
Hakuna aliyechagua.
Makaburi ndiyo yaliyochagua,
nayo hayakujua kuwa yanachagua.

Tena herufi haikai peke yake. Ina majirani,
na majirani husema.
Nilitarajia wa upande huu, wa Hasa na Bara Hindi.
Wangu wametoka mbali,
nyuma ya maziwa makuu, kwenye misitu minene.
Nimewasoma mara tatu.
Nimebadilisha mashine.

Majlisini kwetu nasaba imechorwa kwa wino wa kijani:
bin, bin, bin, wanaume kumi na wanne,
kila mmoja, ukisoma ilivyoandikwa,
kazaliwa na mwanamume mwenzake.
Mahali fulani, kwenye *bin* ya nne au ya tano,
aliingia mwanamke kwa mlango wa jikoni
akiwa na mundu ambao hakuna aliyemuona nao.

Miaka ya homa, pale maji ya falaji yalipotuama,
watoto wa mke mkubwa walilala wakazikwa chini ya mlima.
Wake waliamka wakadai tende.
Sisi tunaojivunia kabila
ni watoto wa wale walioamka.

Siku hizi Samaili haina homa ile.
Watu wa wizara walipita na mabomba ya dawa,
wakapuliza visima, wakapuliza mazizi.
Adui kaondoka. Hakuna aliyeuambia mundu.
Uko wodi ya nne, kwenye magoti ya Zamzam,
mtoto wa halati, miaka tisa,
anayelia kwa sauti ndogo asimwamshe mama yake.
Alikunjiwa viwili, kimoja kila upande,
na wote wawili walimkunjia kwa mapenzi.

Juzi nilimuuliza Bibi Thuwaiba, kwa Kiswahili,
maana Kiarabu chake ni cha wageni:
"Bibi, mama yake Babu Muhanna aliitwaje?"
Akaweka kikombe. Akakitazama.
"Damu ina adabu," akasema, "haisemi ya watu."
Nikamwambia: "Yangu imesema."
Akanyamaza mpaka adhana,
kisha, akifunga buibui, kama anayezungumza na kishikizo:
"Alikuwa hapendi samaki. Ndiyo nijualo."

Basi hilo ndilo tulilonalo.
Hapendi samaki, na mimi niko hai.

Robo, ndivyo hesabu isemavyo, kila mimba robo.
Haikumbuki iliyotangulia. Haina huruma, wala haina chuki.
Simu inatetemeka mezani: Harib.
*Wamesema ukumbi uko wazi Ijumaa ya pili tu. Tuweke?*

Nimevua glavu moja.
Ya pili imenata.